Tusifunge Daftari Kabla ya Kujaribu Tovuti kwenye Simu ya Bibi



Msomaji mpendwa, naanza na ungamo, ingawa si la kwenye kiti cha maungamo. Mwaka jana wakati wa likizo, parokia yetu ya upande wa Mbagala iliniomba niitengenezee tovuti. Frateri anasoma falsafa, lakini ilijulikana kwamba kabla ya kuingia seminari kuu aliwahi kujifunza kompyuta, basi kazi ikamwangukia. Halmashauri ya Walei ilitaka mambo matatu: ratiba ya Misa, matangazo ya Dominika, na fomu ya kuandikisha watoto wa mafundisho ya Kipaimara. Hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Nilikaa wiki mbili kwa mjomba wangu Tegeta, kwa kuwa kule kuna intaneti ya waya na feni. Nikaandika, nikapamba, nikajaribu kwenye kompyuta mpakato yangu, kisha kwenye simu mpya ya binti wa mjomba. Kila kitu kilikwenda sawa. Dominika iliyofuata ikatangazwa kwamba mwaka huu katekista hataandika majina kwenye daftari. Wazazi wote wajaze fomu kwa simu, na siku ya mwisho ikatajwa. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeketi pale mbele na kanzu yangu nyeupe, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri kupita ilivyofaa.

Wiki tatu baada ya mafundisho kuanza, bibi mmoja ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wetu alinisubiri nje baada ya Misa ya kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Frateri. Hivi mjukuu wangu amekosa nini?"

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba alimwandikisha mtoto mapema kabisa, siku ya pili tu baada ya tangazo, lakini katekista anasema jina halimo kwenye orodha iliyotoka kwenye kompyuta. Mtoto anakaa nje wenzake wakiwa ndani. Nikamwomba anionyeshe alivyofanya. Akatoa simu janja ndogo ya mwaka 2018, aliyoachiwa na mwanawe aliponunua nyingine. Kioo kina ufa. Memori imejaa picha za harusi na misiba pamoja na sauti za mazoezi ya kwaya kutoka WhatsApp, kiasi kwamba simu imeacha zamani kusasisha chochote. Tukafungua tovuti. Ukafunguka ukurasa wangu wenye rangi zake nzuri. Akajaza jina la mtoto, tarehe ya ubatizo, jina la jumuiya. Akabonyeza kitufe cha "Tuma".

Kimya. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna "asante", hakuna chochote.

"Mimi nilidhani ndivyo inavyopokea," alisema. Alikuwa amejiunga bando mara mbili kwa kazi hiyo, kwa sababu mara ya kwanza liliisha kabla picha zangu za kanisa hazijamaliza kushuka.

Jioni ile niliunganisha simu yake na kompyuta yangu nikatafuta ugonjwa. Nilitarajia jambo kubwa. Ugonjwa ulikuwa alama mbili tu: alama ya kuuliza ikifuatwa na nukta. Ni njia fupi ya kuandika JavaScript iliyoingia rasmi katika lugha hiyo mwaka 2020. Chrome ilianza kuielewa katika toleo lake la 80, Februari mwaka huohuo. Kivinjari cha simu ya bibi kilikuwa cha zamani kuliko hapo. Kilipozikuta alama zile kiliziona kama kosa la sarufi, na JavaScript ina ukali wake: sarufi ikikosewa mahali pamoja, faili zima halisomwi. Mistari yangu mingine yote, pamoja na ule wa kutuma fomu, ikawa kama haijaandikwa.

Inafaa kulielewa hili vizuri, kwa sababu tovuti haiundwi kwa lugha moja. Maneno na fomu huandikwa kwa HTML, na kivinjari kikikuta ndani yake lebo kisichoijua huiruka na kuonyesha maneno yaliyomo. Rangi na mpangilio huandikwa kwa CSS, nayo ni hivyohivyo: agizo lisiloeleweka hupuuzwa, mengine yanafuatwa. Waliozibuni lugha hizi mbili walijua kwamba zitasomwa na vivinjari vya kila namna, vya jana na vya kesho, wakaweka uvumilivu ndani ya kanuni zenyewe. JavaScript haina uvumilivu huo. Na mimi, kwa kutaka fomu ipendeze na itume bila ukurasa kubadilika, nilikuwa nimeifungia kazi nzima ndani ya lugha ile moja isiyosamehe.

Hapa falsafa ilinicheka kidogo. Tuna kanuni ya skolastiki ambayo Mtakatifu Thomas wa Akwino anaitumia mara nyingi, nasi tunaikariri kwa Kilatini hadi tunaiota: kinachopokelewa hupokelewa kadiri ya hali ya mpokeaji. Niliijibia mtihani nikapata alama nzuri. Kisha nikatengeneza ukurasa nikidhani kwamba ninaouona mimi Tegeta ndio atakaouona mtu wa Charambe. Sivyo. Ukurasa hausafiri kama picha iliyokwisha kuchapwa. Husafiri kama maelekezo, na kila kivinjari huyatekeleza kwa uwezo wake. Aliyeandika maelekezo hawezi kusema "nimeshasema" kabla ya kuangalia kilichotokea upande wa pili.

Bibi alikuwa na kifua cha kuja kuuliza. Mjukuu wake Baba Paroko alimpokea darasani wiki ileile. Kinachonisumbua mpaka leo ni mama mwingine. Nilipowaomba wenyeviti wa jumuiya waulize nyumba kwa nyumba nani aliyejaza fomu na hakupata jibu, yalirudi majina kadhaa, na pamoja nayo habari ya mama huyu. Fomu yangu ilikuwa na swali kuhusu ndoa ya wazazi. Yeye na mwenzake hawajafunga ndoa kanisani. Alipobonyeza kitufe na kuona kimya, halafu jina la mtoto lisitoke kwenye orodha, alihitimisha kwamba Kanisa limemkataa mtoto wake kwa sababu yake. Hakumwuliza mtu. Angeuliza vipi? Alimwambia mtoto kwamba tutaona mwaka kesho. Baadaye walihama mtaa, na hadi ninapoandika haya sijui kama mtoto yule amejiandikisha popote.

Mimi nilijua kimya kile kilikuwa alama ya kuuliza na nukta. Yeye alisikia hukumu.

Niliposimulia jambo hili hapa seminarini, ndugu zangu walinipa hoja mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza: teknolojia inasonga mbele, tukiingoja simu ya bibi hatutafika popote. Nakubali nusu. Kama kwaya inataka kuweka video za tamasha lake kwa ufundi wa kisasa, ifanye inavyopenda. Asiyeweza kuona amekosa burudani tu. Mambo hubadilika pale tangazo linaposema "lazima". Mara tu daftari linapofungwa na tovuti kuwa mlango pekee, swali la vivinjari haliko tena mikononi mwa fundi peke yake. Linakuwa swali la nani anaingia na nani anabaki nje, na hilo hatuwezi kumwachia kijana mwenye kompyuta alijibu kimyakimya kwa kuchagua alama za kuandika.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba kila familia ina kijana mwenye simu nzuri, bibi amwombe. Hii siikubali hata nusu. Fomu zetu huuliza mambo ya nyumbani: ndoa, ubatizo, zaka, nani anaishi na nani. Mama yule angempelekea jirani simu amjazie kwamba hana ndoa? Na mwenye bajaji anayerudi saa nne usiku amwamshe mtoto wa nani?

Watu husema pia kwamba mwenye simu isiyosasishwa amezembea. Mwenye kusema hivyo ajaribu kuishi na simu yenye memori ya GB 8, ambayo mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa, halafu achague kati ya kufuta sauti ya marehemu mumewe akisali rozari na kusasisha Chrome. Kusasisha nako hula bando. Bando la siku likiwa limenunuliwa kwa shida, nani atalimalizia kwenye kitu ambacho jana kilikuwa kinafanya kazi?

Baada ya aibu ile nilizunguka na simu za watu. Yaani niliomba kuziona, baada ya Misa, katika vikao vya VIWAWA, hata kwenye benchi la mama lishe pale Zakhem. Nilichokuta kilinifundisha kuliko mafunzo niliyowahi kulipia. Chrome ilikuwepo, lakini ya miaka tofautitofauti. Kwenye simu za Tecno, itel na Infinix kulikuwa na Phoenix, kivinjari kinachokuja humohumo simu inaponunuliwa. Kulikuwa na Opera Mini, na wenye nayo wanaipenda kwa sababu nzuri: ukiomba ukurasa, seva za Opera huufungua kwanza kwa niaba yako, huubana, kisha hukuletea kitu chepesi, hivyo bando linadumu. Lakini kwa njia hiyo JavaScript hufanya kazi kwa mipaka, na ukurasa unaoitegemea kwa kila mguso hukwama. Nikakuta pia vitochi vya KaiOS, simu za vibonye zenye intaneti, za jamii ya ile Smart Kitochi iliyoletwa na Vodacom mwaka 2019. Toleo la KaiOS lililoenea, 2.5, limejengwa juu ya injini ya Firefox 48, ambayo ni ya mwaka 2016. Mwenye kitochi hicho hana kosa lolote; amenunua simu ambayo kivinjari chake kilikuwa kimeshazeeka siku ilipotoka dukani.

Shida hii si ya Mbagala peke yake, wala si ya leo. Ilizaliwa pamoja na wavuti wenyewe. Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza mwaka 1990 pale CERN, Geneva, na kilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT tu, ambazo watu wachache walikuwa nazo. Aliyeufungua mlango kwa wengine alikuwa mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza, Nicola Pellow, aliyekuwa pale kwa mafunzo ya kazi. Aliandika kivinjari kisicho na picha wala kipanya, mistari ya herufi tupu, lakini kiliweza kuendeshwa kwenye kompyuta za aina nyingi. Nilipoyasoma hayo nilifurahi na kuona haya kwa pamoja. Alikuwa mwanafunzi kama mimi, mdogo kuliko mimi, naye swali lake la kwanza lilikuwa juu ya wenye mashine nyingine.

Miaka michache baadaye somo lile lilisahauliwa. Netscape ilitoka 1994, Internet Explorer 1995, kila mmoja akaongeza lebo zake ambazo mwenzake hakuzijua, na tovuti zikaanza kubandika vibao vya kumwambia mgeni atumie kivinjari gani. Walioumia zaidi, nadhani, ni Wakorea Kusini. Nchi yao ilitunga sheria ya saini za kielektroniki mwaka 1999, na kwa ajili ya usalama benki na ofisi za umma zikategemea ActiveX, teknolojia iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer ya Windows tu. Kwa miaka mingi raia wa nchi iliyosifika kwa intaneti ya kasi hakuweza kufanya shughuli zake za benki kwa kivinjari kingine. Ulazima wa vyeti vile uliondolewa Desemba 2020. Microsoft yenyewe iliistaafisha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022. Fikiria ofisi iliyojenga mlango wake wote kwa kipimo cha ufunguo mmoja, kisha mchonga funguo akafunga duka.

Mfano mzuri upo hapahapa nyumbani. Siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, nchi nzima inafungua tovuti moja, kuanzia kompyuta za maofisini mpaka simu zilizofungwa mpira. Ukurasa wa shule ni jedwali la namba na herufi, basi. Hauna mapambo. Wapo vijana wa kompyuta wanaoucheka kwamba umepitwa na wakati. Mimi niliusoma mwenyewe mwaka nilipomaliza, kwa simu ya baba ambayo leo nisingethubutu kumwazima mtu, na niliona alama zangu. Siku ile sikujua kwamba wepesi ule ni huduma.

Nirudi kwenye fomu yetu. Kuirekebisha kulinichukua jioni mbili. Kwanza niliirudisha fomu kwenye HTML tupu: maswali, kitufe, na kivinjari chenyewe kinatuma, bila JavaScript. Fomu za namna hiyo ziliwekwa katika kanuni za HTML mwaka 1995, kwa hiyo sikukuta simu mtaani isiyozijua. Ikishatuma, unakuja ukurasa mwingine wenye jina la mtoto na neno "Limepokelewa". Kisha nikaacha JavaScript kidogo kwa ajili ya wenye simu mpya, iwasaidie kuona kosa la tarehe kabla ya kutuma. Isiposomwa, fomu haipungukiwi. Hiyo niliyoiacha naipitisha kwanza kwenye programu inayotafsiri maandishi mapya kuwa ya zamani, ambayo jina lake litawachekesha wasomi wa Maandiko: inaitwa Babel. Picha kubwa za kanisa nikaziondoa. Paroko alisikitika kidogo, maana moja ilikuwa ya jubilei yake. Swali la ndoa nalo tukaliondoa kabisa. Hilo katekista ataliuliza uso kwa uso, akiwa amekaa na mzazi.

Maoni yangu, basi, ni haya, na nayaelekeza kwanza kwa mafrateri wenzangu, maana kila parokia ya Temeke, Kinondoni na kwingineko itakayotaka tovuti itamtafuta frateri aliye likizo. Usikubali itangazwe kwamba fomu yako ndiyo njia pekee kabla hujaiona ikijazwa na kutumwa kwenye simu tano ambazo si zako: ya katekista, ya mwenyekiti wa jumuiya, ya mama wa WAWATA anayeuza vitumbua, kitochi kimoja, na moja yenye Opera Mini. Simama pembeni, usiwaguse mkono, usiwaambie pa kubonyeza. Zipo tovuti zinazokuonyesha vivinjari vipi vinaelewa kitu gani, nami nazitumia, lakini hazikuonyeshi bibi akisubiri jibu.

Kwa Halmashauri za Walei ninaomba jambo gumu zaidi. Daftari libaki mezani. Najua limechoka, najua majina hurudiwa na mwandiko wa katekista una wasomaji wachache. Likae tu, angalau kwa miaka miwili, na atakayekuja kujiandikisha kwa mdomo asiambiwe "nenda kwenye mtandao". Mwisho wa uandikishaji mlinganishe: nani yuko kwenye daftari na hayuko kwenye tovuti, na kwa nini. Sisi tulifanya hivyo mwaka huu. Walikuwepo watu ambao walijaribu simu kwanza ikashindikana, na kwa kila mmoja wao nilikwenda kuiona simu. Moja ilikuwa na tarehe ya mwaka 2015, mwenyewe hajawahi kuirekebisha, na kwa sababu hiyo kivinjari kiliiona tovuti yetu kuwa si salama na kukataa kuifungua. Tuliweka tarehe sawa, ikafunguka. Hilo nisingelijua nikiwa Tegeta.

Likizo ijayo nitakaa ofisi ya parokia kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, tukitengeneza fomu ya ndoa na ya ubatizo wa watoto wachanga. Nina simu tatu za kujaribia ndani ya boksi la viatu, zote nimepewa na waumini. Bado sina KaiOS yangu wala simu yenye Android ya chini ya 7. Mwenye nayo na haitumii aniachie kwa katibu wa parokia, pamoja na chaji yake kama ipo. Hata kioo kikiwa kimepasuka naipokea, mradi inawaka.